Mama Alipojiunga na Chuo

Yadira Cantú alikuwa bado sekondari, katika mji mdogo wa kusini mwa Texas, lakini kila Jumanne basi la shule lilimpeleka yeye na wenzake wachache kwenye chuo cha jirani, wakasome Uandishi pamoja na wanachuo. Ukifaulu somo lile, linahesabiwa sekondari na chuoni pia. Siku hizo Yadira hakuvaa jaketi la shule, asije akaonekana mtoto.

Muhula ulikuwa ndio kwanza umeanza. Siku moja mlango wa darasa ukafunguliwa, akaingia mama yake, Ofelia, amevaa sare ya kazi yake ya jikoni hospitalini, wavu wa nywele kichwani. Alikuwa amejiandikisha kimyakimya ili amshangaze. Alipomwona bintiye uso ukamchanua. Yadira akainamia simu.

Mama akasita, kisha akaketi mbele, peke yake.

"Huyu mama kapotea nini?" Colby, mwanachuo aliyeketi kando yake, akamnong'oneza Yadira. "Kantini iko chini. Mbona anakutazama wewe? Unamjua?"

"Mimi? Simjui."

Hakupaza sauti, ila darasa lilikuwa kimya. Ofelia akavua ule wavu polepole, akaufumbata.

Mwalimu, Bi Hutchins, akamkaribisha, akamwomba ajitambulishe.

"Naitwa Ofelia. Niliacha shule nikiwa na mimba. Sasa nimerudi."

"Hongera sana! Na huyo mtoto yuko wapi siku hizi?"

Ofelia hakugeuka nyuma. "Anasoma. Mbali kidogo."

Yadira alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kusimama, aseme, "Ni mimi," lakini akabaki ameketi. Kipindi kizima hakuandika neno.

Kilipokwisha akamkimbilia mama yake kwenye maegesho.

"Mama, nisamehe. Sijui nilipatwa na nini."

"Mimi najua. Ulinionea haya," Ofelia akasema, akitafuta funguo. "Wahi basi, mwanangu, litakuacha."

Jumanne iliyofuata Yadira akaketi mbele, akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, amshikie mama nafasi. Bi Hutchins akasema Bi Ofelia amehamia darasa la Jumamosi.

"Ni mama yangu," Yadira akasema, mbele ya wote.

"Aliniambia alipohama," Bi Hutchins akajibu taratibu. "Akaniomba nisikuulize kitu."

Colby akakohoa. Hakuna aliyecheka, na hilo likamuuma Yadira zaidi.

Jioni alimkuta mama akikoroga maharage.

"Rudi darasani kwetu, mama. Nimeshawaambia."

"Umewaambia?" Ofelia akatabasamu kidogo, macho kwenye sufuria. "Umefanya vizuri. Lakini darasa la Jumamosi nalipenda. Kule nikiongea, sina wasiwasi kwamba kuna mtu namwaibisha."

Yadira akachukua sahani, akaanza kuandaa meza, maana hakujua afanye nini kingine.