Mikono Nyuma ya Bi Marlette

Saa kumi alasiri Verdine Mayhue alikaa kwenye kochi lake, sahani ya sukuma iliyochemshwa bila chumvi ikiwa mapajani, akawasha televisheni. Daktari alikuwa amemkataza siagi, chumvi, nyama ya nguruwe na karibu kila kitu kinachomfanya mtu wa Georgia aamke asubuhi. Kwenye kioo, Bi Marlette Hargis alitumbukiza kwenye kikaango donge la siagi la ukubwa wa sabuni ya kufulia, akakonyeza kamera.

"Haya wapenzi wangu, tusiogope," alisema.

"Hatuogopi," alijibu Verdine.

Alipotazama tena sahani yake, sukuma ilikuwa inang'aa kwa siagi. Akachovya kipande cha mkate wa mahindi pembeni, akala.

Mji mzima wa Tallow Creek ulikula hivyo. Daktari alishazoea. Kila mwezi alimpandisha Verdine kwenye mizani, akaguna.

"Unakula nini, mama?"

"Sukuma ya kuchemsha, daktari."

"Na unatazama nini?"

Verdine aliangalia viatu vyake. Daktari akamwandikia nusu saa ya televisheni kwa siku, vipindi vya marudio asiguse kabisa, na kama njaa ikimzidi atazame taarifa ya habari.

Hakufuata. Alikuwa mjane, watoto wake walikuwa Atlanta na Detroit na walipiga simu wakiwa kwenye foleni ya magari. Tangu mumewe azikwe, hakuna binadamu aliyemwita mpenzi isipokuwa huyo mwanamke wa kwenye kioo mwenye nywele ndefu kwenda juu. Tena Bi Marlette hakuwa na neno "kidogo" kinywani. Jibini ilikuwa nyingi, krimu ilikuwa nyingi zaidi, na aliyetaka kuhesabu alishauriwa akahesabu mifugo. Verdine alimpenda kwa dhati, na hilo ndilo lililomfanya aumie baadaye.

Siku ya keki ya karameli, mlango wa stoo nyuma ya Bi Marlette ulifunguka, akatoka Ozella Battle, mama yake Verdine, aliyefariki miaka mingi iliyopita. Alijifunga aproni, akakunja mikono ya gauni, akaanza kuosha mabakuli. Simu ya Verdine ikalia hapohapo. Alikuwa Dada Lucindy Pugh, mwenyekiti wa kamati ya jikoni kanisani.

"Verdine, washa televisheni."

"Imewaka."

"Mama yako kapungua."

"Alianza kupungua akiwa hospitali."

"Lakini kapendeza, jamani. Nani kamsuka?"

Matangazo yalipoingia, Bi Marlette akaenda kupakwa poda, na Ozella akasogea karibu na kioo.

"Mama, unafanya nini huko?" Verdine aliuliza.

"Si unaona? Naosha vyombo."

"Mama, ulishakufa."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi si upumzike?"

"Nipumzike vipi, na huyu mtoto anaunguza sukari? Bibi yake alikuwa hivi hivi, yai tu kulichemsha lilimshinda. Nimewapikia watu hawa tangu nikiwa kigoli mpaka magoti yakagoma. Leo wanaitoa keki yangu mbele ya nchi nzima, halafu itoke nyeusi? Watu watasema nini?"

"Watasema ni keki yake."

"Hata ikitoka nzuri wanasema ni yake. Basi na iwe nzuri," alisema Ozella, akarudi kwenye sinki.

Keki ile ilikuwa na siri, kama ilivyokuwa desturi ya wapishi wote wa majumba ya matajiri. Tajiri yake, huyo bibi wa Bi Marlette, alipomtaka amtajie namna ya kuipika, Ozella alimtajia kila kitu isipokuwa kimoja. Alichokiacha ni kijiko cha kahawa iliyobaki asubuhi, ikiwa imeshapoa. Wanawake waliojaribu keki ya Bi Marlette nyumbani kwao walipata kitu kitamu kisicho na maana yoyote, wakalaumu oveni zao, na wengine wakanunua mpya. Lakini kwenye kioo, kila Bi Marlette alipogeuka kuikonyeza kamera, Ozella alinyoosha mkono na kumimina kijiko chake kwenye sufuria.

Verdine alipiga simu kwenye kituo cha televisheni. Alipokewa na msichana mwenye adabu zake.

"Tumemwona, mama. Wengi wamepiga. Tumeshamwomba avae neti ya nywele."

"Mimi sipigi kwa ajili ya neti. Nataka mtaje jina lake. Ozella Battle. Mara moja tu."

"Majina tunayotaja ni ya watu walio hai, mama."

"Na bibi yake Bi Marlette, anayetajwa kila siku ya Mungu, yuko hai?"

Msichana akauliza kama Verdine angependa zawadi ya aproni. Ilifika wiki iliyofuata, imeandikwa kifuani kwa herufi za kupinda: Kutoka Jiko la Bibi Yangu. Ilimkaa vizuri, kwa hiyo aliivaa.

Tangu hapo Verdine alitaka kitu kimoja tu duniani, kusikia jina la mama yake likitamkwa kwenye televisheni ile. Nafasi ilikuja Agosti, kwenye Jumapili ya Kurudi Nyumbani, ambapo waliohama wote hurudi katika kanisa la Mlima Nebo na chakula hupangwa uani kwenye meza ndefu. Kituo kilitangaza kwamba mwaka huo Bi Marlette angekuja mwenyewe, na keki yake, na yote yangeonyeshwa moja kwa moja.

Sasa, Mlima Nebo hakuna anayetia kitu mdomoni kabla hajajua kimepikwa na nani. Watu wanajuana majiko, na wanajuana paka wanaolala juu ya majiko hayo. Dada Lucindy husimama mwanzo wa meza na mwiko mkubwa, na kila chombo kinachofika anakiuliza. Sufuria isiyo na mwenyewe huwekwa chini ya meza, hata kama inanukia namna gani. Mke wa mchungaji alitaja jina lake bila woga kwa saladi ya viazi yenye zabibu kavu, na kwa sababu hiyohiyo haikuguswa.

"Dada Lucindy, akifika yule, umuulize," Verdine alimwambia tangu ibada haijaisha.

"Nitamuuliza. Hata angekuja malaika Gabrieli na kuku wa kukaanga, ningemuuliza."

Bi Marlette alishuka kwenye gari, kwaya ikapiga makofi. Nyuma yake, kutoka kwenye lori la televisheni, alishuka Ozella na neti yake kichwani, keki ameibeba kwa mikono miwili. Watu walimpisha njia.

"Mama Ozella, za huko?" wazee walimsalimu.

"Nzuri tu. Jikoni joto."

Taa nyekundu ya kamera ikawaka. Dada Lucindy akainua mwiko.

"Keki hii kapika nani?"

Bi Marlette aligeuka, akamtazama Ozella machoni, wala si kama mtu anayeona mzimu. Akaipokea keki mikononi mwake.

"Asante, kipenzi," alimwambia. Halafu akaigeukia kamera, na chozi likamshuka juu ya poda. "Hii ni mikono ya bibi yangu, Mungu amlaze pema. Kila nikiionja namuona jikoni kwake."

Hakuwa anadanganya. Aliamini kila neno, na Verdine aliliona hilo.

"Ni Ozella Battle!" alipaza sauti. "Aliyepika ni Ozella Battle!"

Lakini kwaya ilikuwa imeshamwitikia bibi wa Bi Marlette "Amina!" ya sauti nne, na hakuna mikrofoni iliyolinasa jina. Verdine akamgeukia Dada Lucindy. Dada Lucindy alimtazama Ozella, akaitazama keki, akaitazama kamera. Siku hiyo alikuwa ametoka saluni.

"Huyo bibi yako," alisema, "anaitwa nani?"

"Bi Eugenia Hargis."

Mwiko ukashuka, na keki ikapita. Kipande cha kwanza Dada Lucindy alijikatia mwenyewe.

"Lucindy!"

"Nimeuliza, Dada Verdine. Nimejibiwa." Alilamba kidole. "Lo, lakini hii karameli, jamani!"

Ozella alisimama kando ya meza akihesabu sahani zilizorudi tupu. Verdine alimfuata huku analia waziwazi, pua inamtiririka.

"Usilie mbele za watu, presha itakupanda," Ozella alimwambia. "Imeisha yote?"

"Imeisha, mama."

"Hata makombo?"

"Mtoto wa mchungaji kalamba sinia."

Ozella alitabasamu uso mzima. Akajipangusa mikono kiunoni, akapanda lori, kwa sababu kulikuwa na vyombo. Tabasamu lile lilimuuma Verdine kuliko jina la Eugenia Hargis. Naye Verdine mwenyewe alikuwa amekula vipande viwili.

Jumatatu aliapa kwamba hataiwasha televisheni tena. Alifunga pazia, akakaa jikoni, akamenya viazi ambavyo hakuvihitaji. Kipindi kilipokuwa kimeshaanza aliiwasha, kuona tu kama mama yake amefika salama. Alikuwa amefika. Bi Marlette alikuwa anarudia keki ya karameli, kwa maombi ya watazamaji wengi. Matangazo yalipoingia, Ozella akaja mbio mpaka kwenye kioo.

"Verdine, una kahawa ya asubuhi? Hawa wanamwaga kila kitu."

Verdine alikwenda jikoni, akamimina masalia kwenye kikombe, akakipitisha. Kioo kilikuwa vuguvugu na laini, hakikumpa tabu.

"Ngoja, usitoe mkono. Nishikie hii sufuria. Nao ulete huo mwingine, ukoroge. Bega langu limekufa ganzi."

"Si ulishakufa mwili wote, mama?"

"Koroga, mtoto we, itaungua."

Karameli haitaki kuachwa. Verdine alisogeza kochi mpaka magoti yakagusa televisheni, akaingiza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, akakoroga. Matangazo yakaisha naye bado anakoroga. Simu ililia mezani, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuipokea, ikajipokea yenyewe.

"Verdine!" ilikuwa sauti ya Dada Lucindy. "Nimeiona mikono yako! Pete imetoka vizuri, shoga. Ila kesho upake mafuta kwenye viwiko, vimepauka."

Kwenye kioo, Bi Marlette aliinua keki hadi kifuani. Nyuma yake mikono miwili ilikuwa inaosha mabakuli, na mingine miwili, mmoja una pete ya ndoa, ilikuwa inakoroga sufuria ya kesho.

"Yote nimepika mwenyewe, wapenzi wangu," alisema, "kwa mikono yangu hii miwili."

"Mama," Verdine alinong'ona, "niendelee mpaka lini?"

"Mpaka ishike," alisema Ozella. "Na usiiangalie kamera."