Asiyeinua Kidole

Mwendesha mashtaka alimwambia Lorna Havlicek akajifiche mji wa Lincoln mpaka kesi iishe. Lorna, mkuu wa polisi wa Pavlin, mji wa watu mia sita katikati ya mashamba ya mahindi ya Nebraska, Marekani, akamjibu, "Nijifiche? Nikimbie mji wangu mwenyewe? Thubutu!"

Saa nane mchana alitakiwa kueleza mahakamani jinsi alivyomwona kwa macho yake Dwight Kessler, tajiri wa mazizi ya ng'ombe, akimpiga risasi mfanyakazi wake. Shahidi mwingine hakuwepo. Kessler alikuwa nje kwa dhamana, na watu walinong'ona kwamba amekodi muuaji kutoka mbali. Lorna aliogopa, asikudanganye mtu. Asubuhi hiyo alifunga vifungo vya sare mara tatu, kila mara vikienda upogo. Lakini aliingia garini, akashika barabara ileile ya kila siku.

Kule, ukipishana na mtu barabarani unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Hata kama mmegombana. Hata Kessler, aliyekuwa akimwombea kifo, alimwinulia. Sasa likaja pikapu la kijivu lenye kibao cha namba za kaunti yao, na dereva akapita kimya, mikono yote imeganda usukanini.

"Ala!" Lorna akasema peke yake. "Kibao chetu, adabu si yetu. Hicho ni cha wizi."

Alipofika ofisini, simu kumi na moja zilikuwa zimeshapigwa. Hakuna aliyepiga kwa hofu. Watu walikuwa wameudhika. "Afande, ni mtoto wa nani huyo anayejiona?" Lorna akawajibu ukweli: huenda ndiye muuaji aliyekodiwa na Kessler.

Saa sita alilikuta pikapu nje ya mgahawa wa Twila. Dereva wake alikuwa ameketi ndani, pembeni, mgongo ukutani, mkono wa kulia chini ya meza, pai haijaguswa. Lorna akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Nimekuchelewesha?" akauliza.

"Una roho ngumu, bibi wewe. Unajua nimeshika nini hapa chini?"

"Najua. Na mimi nimeshika yangu, inakutazama tumbo. Hebu chungulia dirishani."

Nje, mapikapu saba ya wakulima yalikuwa yameliziba lake mbele na nyuma. Mle ndani hakuna aliyekuwa anatafuna. Wote walikuwa wamemkodolea macho yule mgeni.

"Haya, piga!" Lorna akasema, sauti ikipanda. "Halafu utoroke kwa miguu kwenye mahindi, mbele ya watu wote hawa walioishika sura yako. Piga basi! Mimi kwangu sitoki."

Jasho likamtiririka yule mtu. "Mmenijuaje?"

"Ungeinua kidole tu, mwanangu."

Yule mtu akatazama tena dirishani. Kisha akaitoa bastola polepole, akaiweka kando ya pai.

Saa saba na nusu Lorna alimpeleka mwenyewe mahakamani, kiti cha nyuma, na pingu mikononi. Kwenye njia panda ya mahakama, Kessler akatokea upande wa pili na gari lake, naye akielekea hukohuko. Kwa mazoea akainua kidole. Ndipo akaona ni nani aliyekaa nyuma, na kidole kikabaki juu, kimesahaulika.

Lorna akamwinulia chake, akakanyaga mafuta. Hakutaka kuchelewa.