Mwambieni Mkwe Azibe Tundu

Jua Zilpa alilizoea. Lilikuwa limewaka Bunyala tangu Krismasi, mihogo imesinyaa ardhini na ng'ombe wanalamba vumbi, lakini jua ni jua, ukilitukana halishuki. Kilichomkaba kooni kilikuwa paipu.

Paipu hiyo ilipita chini ya tuta la mto Nzoia, lile tuta refu la udongo lililoinuliwa ili mto usiingie kwa watu. Aliyeipitisha ni Emong, mume wa binti yake Vivianne. Emong ni Mteso, si wa kabila letu, mtu wa Malaba. Kwao alikuwa akipakua malori mpakani, kazi ikapungua, akasikia kwamba huku kwa wakwe zake kuna udongo mweusi na mto usiokauka. Akaja akakodi shamba la Ogutu, mdogo wa marehemu mume wa Zilpa. Watu walimcheka, mwanaume mzima kuhamia ukweni. Hakuwajibu. Alichimba tundu chini ya tuta, akapenyeza paipu nene kama paja, na kwa kuwa mto wetu umejaa mchanga mpaka umekaa juu kuliko mashamba, maji yakateremka yenyewe bila injini. Akapanda matikiti. Majirani walipoona majani mabichi katikati ya ukame, kicheko kiliisha, wakaja na majembe kuchimba mifereji ya kuvuta maji kwao.

Lakini Zilpa alilijua tuta. Mara mbili maishani mwake alikuwa amehama na kuku kichwani, maji kiunoni. Mara ya kwanza tuta lilipasuliwa na shimo la fuko. Shimo la fuko tu, mkono wa mtoto haupiti. Asubuhi maji yaliingia kama uzi, saa sita yakawa kama mlango, na jioni nyumba ya mume wake ilikuwa paa peke yake juu ya maji. Sasa mtu ametoboa tundu la kupita mbwa, na kijiji kizima kinamshukuru.

Emong angekuwa mwanawe wa kuzaa, Zilpa angemwita jikoni, amkalishe kigodani, maneno yaishe kabla ugali haujaiva. Lakini mkwe ni mkwe. Mkwe na mama wa mke wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani, hata kama kichaka hicho kina upupu. Kwa miaka mitatu Zilpa alikuwa akimjua Emong kwa mgongo na kwa kofia. Basi ikabidi atume watu.

Kwanza alimtuma Vivianne.

"Mwambie mume wako tuta si ukuta wa choo. Azibe lile tundu kabla mto haujabadilika."

Kesho yake akamuuliza, "Ulimwambia?"

"Nilimwambia, mama."

"Ulimwambiaje?"

Vivianne alikuwa akichambua mboga, akainamia mboga zake zaidi. "Nilisema mama anakusalimia, na anauliza kama paipu haikusumbui."

"Naye?"

"Akasema asante, haimsumbui."

Zilpa alimtazama binti yake mpaka Vivianne akaishiwa mboga za kuchambua. "Nilikutuma na pilipili, wewe ukapeleka maziwa."

"Sasa nitamwambia vile? Ataona unamfukuza. Tayari watu wanamsema."

Zilpa akamtuma Ogutu. Ogutu ni mzee wa kijiji, ana fimbo na ana sauti, na shamba ni lake. Ila Ogutu naye alikuwa amechimba mfereji, na nyanya zake zilikuwa zimeanza kubeba.

"Shemeji," Ogutu alisema, "mvua iko wapi? Angalia juu. Hata wingu la kufunika kuku hakuna."

"Mvua ya kutumaliza hainyeshi hapa. Inanyesha huko juu milimani, sisi tunapata maji na jua likiwaka. Wewe umezaliwa hapa, Ogutu. Nikufundishe mto?"

"Mimi najua. Nyanya ndio hazijui." Akacheka peke yake. "Wacha nivune hizi, halafu nitamwambia."

Zilpa akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya serikali inayotunza tuta, akakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka watu wakatoka kula. Akaambiwa injinia atakuja kupima. Lini? Akipata gari. Akarudi wiki iliyofuata, gari halijapatikana. Wiki ya tatu benchi lenyewe lilikuwa limepelekwa kwenye mkutano.

Zilpa si mtu wa kugomba. Hasira yake huingia mikononi. Akaanza kuchimba kichuguu nyuma ya nyumba, maana udongo wa mchwa ukiloa hushikana kama chapati, maji hayapenyi. Kila asubuhi alijaza karai moja, akalibeba kichwani mpaka penye paipu, akamwaga, akarudi. Karai moja tu, mgongo wake haukutaka zaidi. Wapita njia wakamuuliza kama anajenga. Nabwire, jirani yake, akamwambia, "Mama Vivianne, kama ni kaburi lako unaanza mapema, chimba karibu na nyumba, tusikubebe mbali." Zilpa akamwaga karai lake. Miezi miwili ikapita, rundo likafika kiunoni. Emong aliliona kila siku akalizunguka. Alidhani ni la kusiliba nyumba.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Vivianne alikuwa amekwenda Nambale kuuza nyanya za Ogutu, na Ogutu mwenyewe alikuwa Osieko kutafuta samaki. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Zilpa alipanda tuta amfunge mbuzi wake penye majani, akatupa macho mtoni, kamba ikamtoka mkononi.

Mto uliokuwa mwembamba na wa kijani jana yake, sasa ulikuwa mwekundu, mpana, umebeba povu na maganda ya mikaratusi. Kukapita bua la mahindi, bichi, na majani yake. Huku kwetu bua bichi lilionekana lini? Mahali fulani huko juu mvua ilikuwa imeng'oa shamba la mtu. Kijiti alichokuwa amekichomeka ukingoni kupima maji hakikuwepo tena.

Akashuka upande wa mashamba. Kando ya paipu, mahali ambapo udongo ulikuwa mkavu jana, mchanga ulikuwa ukichemka polepole, pu, pu, kama uji ulioanza kuiva.

Akatoa simu. Vivianne: mteja hapatikani. Ogutu: iliita mpaka ikachoka. Hata Nabwire na maneno yake hakuonekana. Mtu pekee aliyekuwa karibu alikuwa Emong, katikati ya matikiti, kaptura peke yake mwilini, amempa mgongo.

Zilpa akaifunga simu kwenye ncha ya leso. Akamfuata yule mbuzi, akashika kamba, akageuka naye pia akampa Emong mgongo.

"Wewe mbuzi," alisema kwa sauti ya kufika ziwani, "mwambie mwenye matikiti mto umekuja."

Nyuma yake alisikia jembe likianguka na mtu akihangaika na shati. Kisha sauti ya Emong, nayo imegeukia huko kwingine. "Mbuzi, mwambie mama asiwe na wasiwasi. Paipu nimeifunga na gunia huku mwisho tangu asubuhi."

"Mbuzi, mwambie maji hayapiti ndani ya paipu. Yanapita kando. Aje aone uji unaochemka hapa."

Emong alikuja kiubavu kama kaa, kofia imefunika uso. Akaona. Kwao Malaba mito haina tuta, mto ukijaa hujaa, ukipungua hupungua. Hakuwahi kuona ardhi ikichemka. Akachuchumaa, akagusa mchanga kwa kidole.

"Mbuzi," alisema mwishowe, "muulize mama tufanye nini."

Miezi miwili yote hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza Zilpa hilo. Hakuwa na nafasi ya kulifurahia.

"Mwambie udongo uko pale, ni wake. Ajaze magunia. Azibe kwanza mdomo wa mtoni, ndipo azungushe magunia mengine hapa penye uji."

Wakajaza. Yeye alishika mdomo wa gunia akitazama mashariki, Emong akachota akitazama magharibi, na nusu ya udongo ikawaangukia miguuni. Emong akabeba gunia begani, akapanda tuta, akaingia mtoni mpaka kifuani. Zilpa alisikia maji yaliyopenya kando ya paipu yakilivuta lile gunia, yakafyonza kama mtu anyonyaye mfupa. Gunia la pili. La tatu. Mfyonzo ukapungua.

Hapo ndipo Emong alipokosea. Alitoka majini mbio, akateremka upande wa mashamba, akaikumbatia paipu kwa mikono miwili ili aing'oe. Aliona paipu ndiyo ubaya, ikitoka ubaya umetoka.

"Mbuzi, mwambie asiivute!" Zilpa alipaza sauti. Lakini mbuzi alikuwa ameshaondoka zamani, yuko kwenye matikiti anakula.

Emong akavuta. Udongo ukalia. Zilpa akajikuta ameruka, yeye na magoti yake ya uzee, amemshika mkwe wake kifundo cha mkono, na anamtazama usoni.

"Emong. Ukiitoa hiyo utatoka na tuta lote. Wacha."

"Nimewacha, mama."

Kofia ilikuwa imekwenda na mto. Alikuwa na kovu juu ya jicho, na alikuwa kijana zaidi kuliko mgongo wake. Zilpa akamwachilia mkono kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Wote wawili wakageuka, wakaendelea na magunia.

Kufikia saa kumi uji uliacha kuchemka. Maji yaliyovuja sasa yalikuwa meupe, hayana mchanga, na Zilpa akajua tuta limeshika. Majirani ndipo walipofika, wakifuata mifereji yao mikavu.

"Nani amefunga maji?" Nabwire aliuliza, kabla hata hajawasalimu.

Mto ulikaa juu siku mbili, shubiri chache tu chini ya mgongo wa tuta. Siku ya tatu ulirudi ulikotoka. Tone moja la mvua halikuwa limeanguka Bunyala. Na hapo ndipo taabu ya Zilpa ilipoanza upya.

"Mafuriko yako wapi?" wakamuuliza. Alitaka kuwaonyesha ule uji, akawapeleka mahali penyewe, lakini mchanga ulikuwa umekauka, mchanga tu kama mchanga mwingine. Akaelezea. Kadiri alivyoelezea ndivyo walivyozidi kutazamana. Nyanya zilikuwa zimenyauka, na nyanya iliyonyauka kila mtu anaiona. Nyumba ambayo haikubebwa na maji, nani ataiona? Imesimama pale pale ilipokuwa jana.

Tena wakampata na lingine. "Kumshika mkwe mkono mchana kweupe," Ogutu alisema akitikisa kichwa. "Shemeji, hata tungezama, si tungezama na heshima yetu?"

Ilibidi kuku watoke, wa Zilpa na wa Emong, wapelekewe wazee, aibu ifutwe. Vivianne aliwabeba kuku wote wawili, mmoja kila kwapa.

Wiki ilipoisha, Ogutu alikuja kwenye tuta na jembe, majirani watano nyuma yake. Wamekubaliana, alisema. Watafungua kidogo tu, wamwagilie, wafunge tena.

Zilpa alikuwa amekaa kwenye kile kilichobaki cha rundo lake. "Ogutu, nilikutuma ukakataa. Sasa unataka—"

"Sasa nataka maji, shemeji. Simama."

Hakusimama. Alikuwa amechoka kusema. Aliona maneno yake yote yakitoka mdomoni na kuanguka hapo hapo kama udongo wa siku ile.

Emong alitokea upande wa shamba lake. Matikiti yake yalikuwa yamelala, majani yamekunjamana kama karatasi. Kwa adabu alimpa Zilpa mgongo, akavuta kofia mpya mpaka kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kwa mbuzi aliyefungwa pale.

"Mbuzi," alisema, "mwambie mzee Ogutu shamba ni lake, mimi nimekodi tu. Lakini tundu ni langu, nililichimba mimi. Atakayelifungua aanze na mimi."

Mtu mmoja akacheka. Ogutu hakucheka. "Unanisemesha kwa mbuzi? Mimi ni mama mkwe wako?"

"Mbuzi, mwambie asikasirike. Mama alituma watu miezi miwili, na hakuna neno hata moja lililonifika. Wewe mbuzi nilikusikia mara ya kwanza."

Nabwire akawa wa kwanza kuchukua jembe lake, akisema ameacha moto jikoni. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Ogutu alibaki, akapiga jembe lake chini likasimama lenyewe kwenye udongo, hatua tatu kutoka kwenye paipu.

"Nitarudi kesho," alisema, "na injinia."

"Akipata gari," Zilpa alisema.

Ogutu akaenda bila jembe. Emong alichukua mitungi miwili, akapanda tuta kwenda kuchota maji ya matikiti yake kwa mkono, shina kwa shina. Zilpa alingoja mpaka akatangulia mbali inavyofaa. Kisha naye akachukua mtungi wake akafuata, na alipopita penye lile jembe akalitikisa kuona kama limeingia ndani sana. Lilikuwa limeingia. Akaliacha, akasema moyoni kwamba kesho atamleta mbuzi mapema kuliko leo.