Pampu Ina Moto

Pampu ilikuwa haisukumi maji, na kompyuta ilikuwa inajizima kila baada ya dakika nne.

Hiyo ndiyo habari Kobe aliyoipata kwa simu saa mbili na robo asubuhi, kabla hajafungua hata kufuli la karakana yake. Aliyepiga ni shemeji yake, mke wa kaka yake, mchora ramani za majengo. Kobe si jina alilopewa na mama yake. Wateja walimbandika kwa sababu ya mwendo wake kazini, naye akaliacha libaki, maana waliomcheka mwendo ndio hao hao waliorudi kwake na mashine zilizoharibiwa na wenye mbio.

Shemeji alikuwa anashindania kazi ya kujenga maktaba. Michoro ilikwisha. Zilibaki picha saba za kuonyesha jengo litakavyokuwa, na picha hizo hazichorwi kwa mkono. Kompyuta huzipika yenyewe, dakika hamsini kwa kila moja. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa kumi na moja jioni ile ile, na ofisi ya kupokea kazi hizo haikuwa na masikio ya kusikia udhuru. Kwa hesabu yake, mashine ikianza saa tano na dakika kumi, zote saba zinatoka. Alikwisha jaribu kuihamishia kazi kwenye kompyuta ndogo ya mumewe, ikamwambia bila aibu kwamba picha moja ingechukua saa kumi na tisa.

Mashine ile aliifunga Kobe mwenyewe miaka miwili nyuma, na aliijua kama anavyojua mfuko wake. Ilipozwa kwa maji. Pampu ndogo, ukubwa wa kopo la dawa ya viatu, ilikaa juu ya prosesa na kusukuma maji kwenye mipira hadi kwenye rejeta; yakishapoa yanarudi. Akauliza swali moja tu.

"Pampu ina moto?"

Akamsikia anahangaika na kifuniko. "Ina moto."

"Izime. Nakuja."

Kwa fundi, neno hilo lina maana moja. Waya wenye moto ni waya wenye umeme. Kama moto unafika na pampu haizunguki, basi imeziba, na kilichoziba huzibuliwa. Kobe akapakia brashi, sirinji, bisibisi, vipande vya waya na chupa ya maji ya kupozea. Mita ya kupimia umeme akaiacha kwenye msumari wake. Ya nini, na moto upo?

Saa tatu alikuwa chini ya meza ya shemeji yake. Akachomoa waya wa ukutani, akayamwaga maji yote kwenye jagi, akang'oa pampu na kuifungua kifuniko, skrubu nane ndogo kama mbegu za nyanya. Moja ilikuwa na kutu na ikamlia dakika ishirini. Shemeji alikuwa nyuma yake muda wote, na mdomo wake haukuwa na breki. Alimuuliza kama anatengeneza pampu au anaibembeleza ilale. Akasema mumewe alimwonya kabla ya ndoa kwamba ukoo huu una watu wawili wa haraka, na wote walikwisha fariki. Kobe akaendelea na skrubu. Shemeji ni shemeji. Utani wake unauacha upite.

Ndani ya pampu mlikuwa safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Hakuna ukoga, hakuna uchafu hata wa kuweka ukuchani. Kigurudumu kilizunguka kwa kusukumwa na pumzi. Kobe akakitazama muda mrefu. Akakipiga brashi hivyo hivyo, kwa kuwa alikuja na brashi, akafunga. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Iwashe tuone," shemeji akasema. "Sekunde mbili."

"Hapana."

"Sekunde moja basi."

"Pampu hii hulainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Ukiiwasha kavu inajitafuna."

Shemeji akamwambia basi airudishe kwenye mashine aijazie maji humo humo, yaishe. Kobe akakataa tena. Hawezi kumwaga maji juu ya bodi kuu ya kompyuta kwa kuiamini pampu aliyotoka kuifungua kwa mkono wake mwenyewe. Akaomba beseni.

Akaitoa pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, kwenye mashine na kuiweka mezani, mbali na beseni, juu kuliko maji. Akahakikisha hakuna waya wake hata mmoja uliobaki kwenye bodi wala kwenye diski. Kitakachopata umeme ni pampu peke yake, ili ikiharibika iharibike peke yake. Kwenye plagi kubwa akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande kifupi cha waya, maana bila hivyo pawa saplai haiamki pasipo bodi. Pampu akaipa umeme kwa waya aliokuja nao, moja kwa moja. Akaijaza maji mpaka mapovu yakaisha, mpira mmoja akauzamisha kwenye beseni, wa pili akauelekeza juu yake, na kuizungushia pampu tishu. Akafuta mikono, akaikausha kwenye suruali, kisha ndipo akabonyeza swichi ya ukutani.

Pampu ikanguruma kidogo, na maji yakaanza kutoka mpira wa pili kama bomba la uani.

Shemeji akapiga makofi. "Umeiponya, Kobe."

"Sijaponya kitu. Ilikuwa nzima." Akageuka kumtazama. "Si uliniambia ina moto?"

"Ilikuwa na moto. Nusura iniunguze kidole."

Kobe akasimama na bisibisi mkononi. Pampu ilikalia prosesa iliyokuwa inachemka. Ingekosaje kuwa ya moto, hata kama haina umeme wa kuwashia jicho la paka?

"Mimi niliuliza umeme."

"Wewe uliuliza moto. Shem, nikikwambia chai ina moto, unakwenda kutafuta swichi?"

Alikuwa na haki. Kobe akainama kwenye mashine tupu, akaushika waya mfupi wa kuunganishia uliotoka kwenye bodi kwenda kwenye pampu, akavuta nyuzi zake moja moja. Wa njano ukatoka wenyewe kwenye plagi yake, kama jino la mtoto. Umeme haukuwa ukivuka pale hata chembe. Kosa la kurekebisha kwa dakika kumi, kama angeliuliza vizuri. Saa tatu na nusu picha ya kwanza ingekuwa jikoni. Wanasema kuuliza si ujinga. Inategemea umeuliza nini.

Alipoirudia pampu, tishu iliyoizunguka ilikuwa imelowa upande mmoja.

Akazima, akafungua tena. Mpira mwembamba wa duara, wa kuzuia maji chini ya kifuniko, ulikuwa na mkato, na mkato ule ulikuwa na upana wa ncha ya bisibisi yake. Shemeji akauona. Safari hii hakutania.

Kobe akakiweka kifuniko mfukoni, akatoka kwenda kwa muuza vifaa vya bomba mtaa wa pili. Hakukimbia, ila kwa mara ya kwanza watu wa mtaa ule walimwona akitembea kwa kasi. Mpira wa kwanza ulikuwa mnene, wa pili mpana. Muuzaji akaanza kumweleza habari za matangi, Kobe akamwomba kwa adabu amwage kopo lote la mipira juu ya kaunta. Wa sita ukaingia kwenye mfereji wake bila kulazimishwa.

Akafunga, akapima tena kwenye beseni, tishu ikabaki kavu. Akairudisha pampu juu ya prosesa, akakaza mipira, akajaza maji mapya, akaulaza mwili wa mashine huku na huku mpaka hewa yote ikatoka. Pampu akaiacha kwenye waya wake wa moja kwa moja. Vingine vyote akaviacha bila umeme, akatandaza tishu kila penye kiungo, na juu ya bodi nzima.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

"Nikianza sasa hivi natoa picha sita," shemeji akasema.

"Naizungusha dakika arobaini kwanza, pampu peke yake."

"Arobaini ni picha."

"Najua."

"Umekwisha nipotezea moja kwa mdomo wako, sasa unataka nyingine kwa tishu?"

"Mpira nimeubadilisha leo, shemeji. Ikivuja juu ya bodi yenye umeme, hutatuma sita wala tano. Hutatuma kitu."

Shemeji alimtazama kama mtu anayepima ukuta kabla ya kuubomoa. Kisha akavuta kiti, akakaa, akafungua orodha ya picha zake na kuanza kuamua ipi ife. Kobe akachuchumaa na tochi. Kila baada ya dakika tano aligusa tishu moja moja kwa mgongo wa kidole. Zote zilikuwa kavu. Dakika ya thelathini zilikuwa kavu. Dakika ya arobaini pia zilikuwa kavu.

Akarudisha nyaya nyingine zote mahali pake. Saa sita na dakika arobaini mashine iliwashwa. Prosesa ikapanda joto kidogo, ikatulia. Picha ya tano ilitoka saa kumi na dakika hamsini. Zikatumwa zikiwa zimebaki dakika nne, na ofisi ikajibu kwamba imepokea.

Kazi ile iligharimu mpira mmoja wa bomba, nusu lita ya maji ya kupozea, boksi zima la tishu, na picha mbili. Ya kwanza ni ya ukumbi wa kusomea, ambayo shemeji aliitengeneza kwa wiki tatu. Hiyo ilikwenda na swali la Kobe. Ya pili ni ya ngazi za mbele. Hiyo ilikwenda na zile dakika arobaini, na tishu zilikuwa kavu.