Mtungi wa Mama Uko kwa Kitinda Mimba

Jana niliota mchana kweupe, maana usiku usingizi ulikwisha nihama. Nililala ndani ya kisima changu cha pili, kina cha watu watatu, kikavu kama cha kwanza. Kaka zangu walikuwa wanapakia ngamia tuhame bonde letu la Suguta alasiri ile ile. Mama yetu, Napeyok, alikuwa amekataa. "Magoti haya hayana safari," alisema. "Niachieni tumbaku, nendeni." Mimi ndiye kitinda mimba, na kwetu mama hukaa kwa kitinda mimba. Kama nisingepata maji, ningemwacha afe kwa kiu.

Basi nikaota ukuta wa kisima unaniambia, "Hujasalimia."

Lo! Kweli sikusalimia. Nikainua macho kwenye kilima cheusi kilicho juu yetu, ambacho visima vyote viwili nilivichimba miguuni pake kwa sababu ndicho kirefu kuliko vyote. "Shikamoo, mzee."

Kilima kikacheka mpaka kokoto zikaporomoka. "Mimi mzee? Nimezaliwa juzi tu, miaka elfu chache. Nilikua haraka."

"Hapa kwetu," ukuta ukasema, "aliye chini ndiye mkubwa."

Nikapiga magoti, nikaanza kushuka huku nasalimia. Jivu. Shikamoo. Jiwe jeusi lenye matundu. Shikamoo. Jivu tena. Kila mmoja ananiitikia marahaba na kuongeza, "Mkubwa yuko chini." Mgongo unaniuma, lakini adabu ni adabu.

Mara niko ufukweni. Bonde letu lote ni ziwa, kuanzia ukingo huu hadi ule, na kiboko ananitazama kama mgeni asiyealikwa. Kabla sijanawa uso, ziwa linakunjwa kama mkeka na kuondoka.

"Nani amelichukua?" nauliza.

"Jua," najibiwa. "Huja kulichukua mara kwa mara."

Chini kabisa namkuta mkubwa wao, jiwe la kijivu, limelala kifudifudi na wote juu ya mgongo wake. "Marahaba," linasema. "Una tumbaku?"

Nilikuwa na kifuko cha tumbaku ya mama. Nikampa yote, ningefanyaje? Akatafuna taratibu, akatema mate, na hapo nchi nzima ikawaka. Niliona moto ukitoka ardhini kama uji unaofurika sufuriani, ukatandazika, ukapoa, ukaja mwingine juu yake, na mwingine, na mwingine. Niliona ardhi ikivutwa huku na huku mpaka ikachanika, na katikati ikazama, ndilo bonde tunalochungia mbuzi. Hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuogopa isipokuwa mimi. Nililia, na sioni haya kusema.

"Mkubwa ni jaa," likasema jiwe. "Wote wamenitupia mizigo yao. Sema shida yako."

"Namtafutia mama maji, mzee."

"Maji sina. Kwenu mama hukaa kwa nani?"

"Kwa kitinda mimba."

"Na huku kwetu wewe umekuwa ukimchimba nani?"

Nilikuwa nimemchimba mrefu.

"Mdogo wetu hutamjua kwa kimo," jiwe likaendelea. "Anatukata sote, hata kilima. Huwezi kukata kitu ambacho hakijakuwapo, au sivyo?"

Ndipo huyo mdogo wao, Ufa, akaingia, mwembamba, akipita katikati ya wakubwa zake bila hata samahani. "Nyinyi ndio mnaosema nisipozibwa mtajenga ukuta," akaniambia, amenuna. "Jengeni tu. Mtungi wa mama ninao mimi." Akachovya mkono gizani, akanijazia kifuko. "Ninakaa pale yule mbuzi wenu wa pembe moja anapolala kila adhuhuri. Mnadhani anapenda kivuli? Kivuli gani kiko pale?"

"Eregae!" Hiyo ilikuwa sauti ya kaka yangu Lomuria, mdomoni mwa kisima. "Toka huko! Ngamia wako tayari."

Nilizinduka, nikapanda juu. Mama alikuwa amekaa chini, ameupa msafara mgongo. "Tumbaku yangu iko wapi?" akauliza.

Nikampa kifuko. Akaingiza vidole viwili, vikatoka na tope jeusi, baridi.

"Umemfanya nini mama, wewe?" Lomuria akafoka. "Hata tumbaku yake?"

Mama alinusa vidole, akavilamba. Maji yote ya bonde letu yana magadi, kila mtu anajua, hata ngamia huyanywa kwa kukunja uso.

"Halina magadi," mama akasema. Akalamba tena. "Lomuria, shusha mizigo."

Mimi nilikuwa nimekwisha chukua sururu, nauliza watoto yule mbuzi wa pembe moja hulala wapi adhuhuri.