Uzi wa Bondeni

Msusi alikuwa na majivuno yake, na tuseme ukweli, alikuwa na haki nayo. Ukiingia saluni yake, kabla hujakaa, ameshakutazama kichwa na kukuambia umetokea wapi. Watu wa milimani husuka mistari inayopanda kutoka kisogoni hadi utosini, wakafunga pale juu, wamemaliza. Wanaotoka ng'ambo ya mto wanapenda nywele fupi zilizochongwa pembeni. Wa mjini hawaridhiki mpaka rasta ziwafike kiunoni, hata kama hawawezi kugeuza shingo. Na wanawake wa bondeni, hao ndio waliokuwa mchezo wake. Wao hugawa nywele mafungu mafungu, wakalizungushia kila fungu uzi mweusi kutoka kwenye shina hadi nchani, likasimama kichwani kama kijiti.

"Hao ukiwakumbatia, funga macho," alikuwa akisema, na saluni nzima inacheka.

Mdogo wake wa tumbo moja aliolewa huko huko bondeni. Kila alipokuja kumtembelea dada yake alikuja na uzi wake kichwani, na kila mara dada mtu alimfumua kwanza, akamsuka rasta, ndipo wakakaa kuzungumza. Mdogo mtu hakuwa na neno. Alikuwa mmoja wa wale watu ambao ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaokuomba radhi.

Safari ya mwisho alikuja amebebwa. Lilikuwa ini, na hospitali walishafanya waliloweza. Msusi alimlaza katika chumba cha nyuma, kilichotengwa na saluni kwa pazia, ili awe anamsikia akiita hata mikono ikiwa kichwani mwa mteja. Daktari alimvuta pembeni akamwambia maneno machache: kama kuna mtu ambaye mgonjwa angependa kumwona, aje upesi.

Mgonjwa alikuwa na mtu mmoja tu aliyemtaja kutwa kucha, kitinda mimba wake, msichana ambaye ndiyo kwanza ulimi umemkunjuka. "Nataka nimpakate tu, dada," alikuwa akisema. "Nimpakate, aniangalie, basi."

Shemeji alipigiwa simu. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha mtambo wa maji wa kijiji, hana wa kumwachia, akapata ruhusa ya siku moja. Angekuja na mtoto kwa basi la alfajiri na kurudi kwa la alasiri.

Siku moja kabla hawajafika, msusi alifunga mlango wa saluni akaingia nyuma na chanuo. Nyuzi za mdogo wake zilikuwa zimelegea, zinanuka dawa. Alitoa rasta zake nzuri kuliko zote, zile laini zenye wekundu kwa mbali, alizokuwa akiwawekea maharusi.

"Dada, si ungenifunga uzi tu?" mgonjwa aliuliza.

"Uzi? Mwanao aje akukute unafanana na mgonjwa?"

"Mimi ni mgonjwa."

"Ndiyo maana nataka upendeze."

"Haya, dada," akasema.

Alimsuka kutwa, akimgeuza taratibu kwenye mito, na hakuna kichwa alichowahi kukisuka kwa upendo kama kile. Ilipokwisha alimletea kioo. Mgonjwa alijitazama kitambo, akasema asante, akakirudisha.

Kesho yake shemeji aliingia na shati lililopigwa pasi, mtoto mkononi. "Shikamoo dada," akasema, akaitikiwa, na msusi mwenyewe akalivuta pazia, moyo wake ukimwenda mbio kwa furaha. Furaha, kweli. Alitaka kuuona uso wa mtoto.

Mtoto alisimama mlangoni. Akakitazama kitanda, akaangalia huku na huku.

"Mama yuko wapi?"

"Si huyu hapa," baba yake akasema.

"Huyu si mama. Huyu wa mjini."

"Mwanangu," mgonjwa aliita. "Kidege changu, njoo."

Mtoto aliitambua sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya kuliko yote. Uso ulimng'aa, akakimbilia nyuma ya kitanda kumtafuta aliyemwita. Akainama, akachungulia uvunguni. Aliposimama na kuona hakuna mtu mwingine isipokuwa yule mwanamke mwenye macho ya manjano na nywele nyekundu, anamnyooshea mikono, alipiga ukelele. Alimshika baba yake miguu, hakubembelezeka, akalia mpaka akapitiwa na usingizi begani kwake.

Shemeji alimlaza kwenye benchi la saluni, wanapokaa wateja. Msusi alisimama karibu, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Uso umebadilika, dada," shemeji alisema. "Hata mimi nimeshtuka. Mtoto hakubakiwa na kitu cha kumtambulia." Akaendelea polepole, bila lawama yoyote, na afadhali angelaumu. "Nyumbani huyu hulala ameshika nyuzi za mama yake. Tangu ananyonya. Mwenzangu kila akitoka kwako alikuwa akishuka kwenye basi anapitia kwa jirani, anafumuliwa rasta, anafungwa uzi, ndipo anaingia nyumbani. Hakutaka ujue. Alisema utaumia."

Msusi aliwaomba radhi wateja wawili waliokuwa wakimsubiri nje, akachukua mkasi na chanuo, akarudi kwa mdogo wake.

"Nakufumua."

"Umechoka, dada. Acha."

"Nyamaza, nakufumua."

Kufumua ilikuwa kazi yake. Rasta zilianguka sakafuni, na nywele dhaifu za mgonjwa zikafuata nyingine, akazificha chini ya mguu zisionekane. Kisha akachukua uzi. Hapo ndipo mwanamke yule, aliyevijua vichwa vya nchi nzima, alipokwama. Hajawahi kufunga uzi maisha yake. Alikuwa ameucheka tu. Fungu la kwanza lilifunguka kabla hajafika nchani, la pili likapinda.

"Anza kwenye shina," mgonjwa alimwelekeza, kwa sauti ya kujivuta. "Zungusha mbili pale pale kwanza, ishike. Usikaze sana, panauma."

Shemeji aliingia, akaona, akavuta kigoda bila kuulizwa. Akaushika uzi ubaki umevutika, kama alivyomshikia mkewe kila wiki kwa miaka yao yote. Wakafanya hivyo, yeye anashika, msusi anazungusha, machozi yanamdondokea kwenye mikono na hana nafasi ya kuyafuta. Walimaliza mbele na pande zote mbili. Nyuma ilikuwa bado wakati shemeji alipotazama saa.

"Basi limekaribia, dada."

"Mbele panatosha," msusi alisema, akisimama. "Anakuona mbele. Ngoja nimwamshe."

"Usimwamshe," mdogo wake alisema.

"Sasa atakutambua. Umekuwa wewe kabisa."

"Na asiponitambua?" Mgonjwa alikuwa akihema. "Akinikataa tena, dada, hilo ndilo nitakaloondoka nalo. Siwezi. Mlete hivyo hivyo alivyolala."

Msusi alitaka kubishana, lakini akaacha. Alimfahamu mdogo wake: yule asiyewahi kumkatalia kitu alikuwa amekataa. Wakamleta mtoto, wakamweka kifuani mwa mama yake, mikono ikamzunguka. Mama alimnusa utosini. Alimtazama bila kupepesa, kana kwamba akifumba macho ataibiwa. Mtoto alikuwa na usingizi mzito wa mtu aliyechoka kulia, hakugeuka wala hakuguna.

Baadaye shemeji alimchukua, taratibu sana, akamweka begani. Mume na mke waliagana kwa maneno ambayo msusi hakuyasikiliza, kwani alitoka akasimama barabarani. Aliwaona wakienda mpaka wakakata kona.

Aliporudi alimkuta mdogo wake amegeukia ukutani, kisogo juu.

"Malizia nyuma," mgonjwa alisema.

Msusi alikaa, akaokota uzi. Mikono ilikuwa imeshaelewa, mafungu ya nyuma yalisimama sawasawa, na hakukuwa na mtu wa kuyaona. Wiki haikuisha. Mdogo wake alizikwa bondeni, na nyuzi zile zile kichwani.

Mtoto yule siku moja ataambiwa kwamba alisafirishwa kwenda mjini akiwa mdogo, na mama yake akampakata kwa mara ya mwisho. Ataambiwa na mama yake mkubwa, maana ni wajibu wake kumwambia. Atauliza mama alikuwaje siku hiyo, na kitu pekee atakachokikumbuka mwenyewe ni mwanamke wa nywele nyekundu aliyemtisha.