Vumbi Usoni mwa Siwema

Kindi alikuwa amejikalia katikati ya ungo wa marehemu Siwema, ameshika kipande cha nazi kwa mikono miwili, anatafuna kama mwenye nyumba. Mwinyimadi alimtazama kupitia kijidirisha kilicho juu ya kamera yake ya sanduku. Hakukasirika. Juu kidogo ya kichwa cha mnyama, ndani ya kioo, lilikuwapo lile doa la vumbi.

Kamera ilikuwa anasa yake ya pekee. Aliinunua kwa mpima ardhi Mwingereza aliyekuwa akirejea kwao, akaingia nayo kijijini Masaki kifua mbele, akaipiga picha mikorosho yake kwa mapozi yote, kama anayetaka kuiposa. Filamu yake ya kwanza ikabakiwa na nafasi moja tu. Hiyo akamwekea mkewe.

Siwema alikuwa na mazoea yake. Kila akishakamua tui, machicha aliyatandaza kwenye ungo juu ya kigogo uani, ndege nao wapate riziki yao. Siku ya Idi alivaa kanga mpya, akasimama nyuma ya ungo.

"Haya, baba Mwamvita, nipige na ndege wangu."

Mwinyimadi akainamia kamera. Vumbi la mkaa kutoka kwenye tanuri lake lilikuwa limepenya ndani ya kioo, likatua barabara juu ya uso wa mkewe.

"Subiri nilitoe. Sitaki utoke na doa."

"Hata nikitoka na doa, si ni mimi huyu huyu?"

"Subiri, mama Mwamvita."

Akafuta, akapuliza, akachokonoa kwa unyoya wa kuku. Vumbi likagoma. Siwema alisimama mpaka jua likamshinda, akarudi jikoni akicheka. Masika yalipoingia, homa ikamchukua.

Mwinyimadi hakulia mazikoni, wala baadaye. Watu walimsifu kwa subira. Mwenyewe alijua kuwa si subira. Ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa vibaya, ila hii ilikuwa ya mwili mzima.

Arobaini ilipokwisha kusomwa na nguo za marehemu kugawiwa, Mwamvita, binti yao aliyeolewa Dutumi, alifunga mzigo wake.

"Baba, nipigie basi wale ndege wa mama. Nipate cha kutazama huko."

Mwinyimadi akaweka vipande vya nazi kwenye ungo, lakini ndege wenyewe hawakushuka. Kindi walikuwa wameshautwaa ungo. Alirusha kokoto, akapaka kigogo mafuta ya taa, akapiga debe. Wakapanda mkorosho, wakamchungulia, wakarudi. Mwishowe aliinama tu akabonyeza. Nafasi ya Siwema ikaenda kwa kindi, naye hakusikia kitu moyoni.

Zahoro, mpiga picha wa Kisarawe, alimsafishia filamu ile, kisha akamtandazia picha mezani. Kindi alitoka vizuri, hata masharubu yake yalihesabika. Mwinyimadi akaisogeza picha dirishani, akaigeuza huku na huku.

"Mbona vumbi silioni?"

"Vumbi gani, mzee wangu?"

"La kioo hiki cha juu. Limekaa humu tangu kabla ya Idi."

Zahoro akacheka kidogo. "Ah, hicho ni cha kuchungulia tu. Picha inaingilia kioo kingine, hiki cha mbele. Humo juu hata kungejaa mchanga, mtu angetoka safi kabisa."

Mwinyimadi akaitikia kwa kichwa. Alishukuru, akaaga, akasahau kofia yake juu ya kiti.

Nyumbani alikuna nazi mwenyewe, vibaya, akajikata kidole. Akatandaza machicha kwenye ungo, akarudi nyuma hadi pale aliposimama siku ya Idi, akaikumbatia kamera tumboni na kuinama. Vumbi lilikuwa pale pale, kimo cha uso wa mtu aliyesimama nyuma ya ungo.

"Haya," alisema. "Simama hivyo hivyo."

Kamera haikuwa na filamu. Akabonyeza hata hivyo, kisha akabaki ameinama, asiinue uso, na kindi wakashuka wakala.